Miaka ya Kufuga Kutu

Kabla sijamwona nilimsikia akigonga vyungu. Ko, ko, ko, sauti nyembamba za kitu kitupu, kisha moja nzito iliyokufa palepale ilipozaliwa. Vioo vya nyumba ile vilikuwa vimepakwa chokaa ili jua lisiunguze miche, na mvua ya asubuhi ilitiririka juu yake, kwa hiyo upande wa pili niliona weupe tu. Nilisimama kwenye kijia cha zege, mwavuli mkononi, nikisikiliza. Nilijiuliza ni kazi gani hii niliyoiomba, ambayo watu wake wanaanza siku kwa kuubishia hodi udongo.

Chungu cha udongo kikikauka hulia. Kikiwa na maji hunyamaza. Mtu anayepita katikati ya meza akigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole anajua nani ana kiu bila kuchimbua na kujeruhi mizizi. Vyungu vya plastiki havisemi kitu. Hivyo unavinyanyua, na baada ya muda mkono wako unajifunza uzito wa maji. Nawaambieni hili mapema, ninyi vijana mnaotaka kufanya kazi ya mimea, kwa sababu lilikuwa somo langu la kwanza na hakuna aliyenifundisha kwa maneno.

Naitwa Zuhura. Nimestaafu, nakaa Ilford, mashariki mwa London, na binti yangu na wajukuu, na magoti yangu hunikumbusha kila asubuhi kwamba niliyapiga chini miaka mingi mbele ya nyasi. Ndiyo, nyasi. Nilipopata kazi ile nilimpigia simu shangazi yangu Muheza kumpa habari.

"Umevuka bahari kwenda kulima majani?" aliniuliza.

"Ndiyo, shangazi. Na wananilipa."

"Basi usiwaambie kwamba huku yanaota yenyewe."

Nyasi zenyewe ni raigrasi ya mwaka mmoja. Mfugaji huzipanda baada ya kuvuna mazao mengine. Zinaota upesi, zinatoa majani laini wakati malisho mengine yamelala kwa baridi, ng'ombe wanakula na kukamuliwa, na kabla mwaka haujageuka nyasi zimetoa mbegu na kufa. Maisha yao ni mafupi, hayana nafasi ya kuugua. Ndiyo maana kutu ni msiba kwao. Kutu ni ugonjwa wa ukungu: jani hutoka vipele vya rangi ya chungwa, vipele hupasuka, vumbi hutoka, na ukipita shambani viatu vyako hubadilika kana kwamba umekanyaga bizari. Ng'ombe hunusa jani hilo na kugeuza shingo.

Niliwahi kusimama kwenye lango la mfugaji mmoja magharibi mwa nchi hii. Shamba lake lilikuwa limejaa chakula kufika magotini, na ng'ombe wake walikuwa wamekusanyika langoni wakilia njaa. Mzee yule alivua kofia akaipangusa, na lile vumbi likabaki kiganjani mwake. Akalitazama, akaurudisha mkono mfukoni. Kila nilipoichoka kazi yetu nilikikumbuka kiganja kile.

Kazi ilikuwa kutafuta nyasi inayoweza kusimama yenyewe mbele ya ugonjwa, kuichanganya na nyingine zenye nguvu hiyohiyo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mbegu imfikie mfugaji ikiwa na kinga ndani yake. Tuliifanyia katika nyumba za vioo pembezoni mwa London, mahali ambapo basi lilikuwa likigeuza na kurudi mjini.

Aliyekuwa akigonga vyungu asubuhi ile ni Harshad, aliyekuja kuwa mwalimu wangu. Kila mtu alimwita Harshadbhai. Bhai ni kaka kwa Kigujarati, na hata Waingereza pale kazini walilimeza neno zima bila kuuliza maana. Alikuwa mrefu na mwembamba, koti jeupe limemkaa kama limetundikwa ukutani. Alinitazama miguuni kwanza.

"Viatu vyako vina udongo wa wapi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Wa Ilford."

"Kabla ya Ilford?"

"Tanzania."

Akaacha kugonga. "Tanzania wapi?" Sasa alikuwa akisema Kiswahili, na si cha kujifunza vitabuni.

"Tanga. Muheza."

"Muheza nayo siku hizi ni Tanga?"

"Kwani nyie wa mjini mnadhani Tanga ni barabara zenu tu?"

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukingo wa meza. Baba yake alikuwa na duka la baiskeli Tanga mjini. Yeye aliondoka akiwa kijana na hakupata kurudi. "Haya," alisema alipopata pumzi. "Nimepata wa kunigombeza kwa lugha ninayoielewa."

Kikohozi kile sikukitilia maanani. Nilidhani ni cha kicheko.

*

Nyumbani nilisoma chuo cha mifugo na nikafundisha wafugaji kupanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe. Kwa hiyo nilitarajia Harshadbhai anikabidhi mimea mizuri. Alinikabidhi wagonjwa.

Walikuwa katika chumba cha mwisho, peke yao: vyungu vya raigrasi dhaifu isiyo na kinga yoyote, majani yamejaa vipele, chini yake meza imekuwa ya rangi ya chungwa.

"Hawa ndio wako," alisema. "Wakifa, kazi imekufa."

"Wakipona?"

"Wakipona ni vibaya zaidi."

Msicheke. Kutu haikai kwenye jani lililokufa. Haiwezi kuwekwa kwenye chupa na kulishwa sukari kama magonjwa mengine. Inataka jani bichi, linalopumua, na bila kutu huwezi kujua ni nyasi ipi inayoishinda. Kwa hiyo lazima uwe na mgonjwa asiyepona wala kufa. Unamnywesha, unampa mwanga, unampunguza majani makavu, na kabla hajazeeka unamwambukiza mwenzake mchanga aliye jirani. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, kuwaogesha na kuwalisha. Sasa nikawa mlezi wa ugonjwa. Nilipita kila asubuhi kuutazama umeamkaje.

Tulipotaka kupima miche mipya tulikusanya lile vumbi kwa brashi laini, tukalichanganya na poda, tukaipulizia miche. Halafu tuliinyunyizia maji mepesi kama umande na kuifunika kwa plastiki mpaka kesho yake, maana kutu huingia kwenye jani lililolowa tu. Siku zikipita, vipele hutokea. Mwenye vipele anatolewa. Aliye safi anabaki.

Hapo ndipo penye mtego wa kazi nzima, na naomba mnisikilize. Aliye safi huenda ana kinga. Huenda pia ugonjwa haukumfikia. Labda alikaa pembeni, upepo ukamkausha, kutu ikakosa pa kuingilia. Huyo tulimwita mkwepaji. Kwa macho hana tofauti na mwenye kinga: wote wawili wamependeza, wote wawili ni kijani kitupu. Ukimchukua mkwepaji ukamchanganya na wenzake wakati wa maua, umeingiza udhaifu ndani ya mbegu, na utaugundua baada ya miaka, kwenye shamba la mtu mwingine.

"Ukimkuta safi usimpongeze," Harshadbhai alizoea kusema. "Mwulize alikuwa wapi."

*

Sasa niwaambie jinsi kazi yetu ilivyooshwa kwa sabuni.

Mke wa Harshadbhai aliitwa Manjula, nami nilimwita Manjulaben, yaani dada Manjula. Mzaliwa wa Moshi, mfupi, mwepesi wa miguu, wa kauli moja. Walikaa Rayners Lane, upande mwingine wa London, na kwenye dirisha la jikoni kwake palikuwa na tulasi, ule mrehani wanaouheshimu Wahindu. Kila asubuhi aliupangusa majani kwa kitambaa chenye maji kama anavyomnawisha mtoto uso.

Jumapili moja alituletea chapati za uwatu. Mimi na mumewe tulikuwa nyumba ya mbali tukipima miche, kwa hiyo alitusubiri, na katika kusubiri akafungua chumba cha wagonjwa. Tulipokuja tulimkuta amekunja mikono ya sweta, ndoo miguuni, akimalizia chungu cha mwisho. Majani yenye vipele alikuwa ameyachuma yote na kuyazamisha kwenye maji ya moto. Yaliyobaki aliyaosha kwa sabuni, moja moja, mbele na nyuma.

"Harshad, mmewatesa hawa," alisema bila kugeuka. "Angalia maji yalivyotoka."

Harshadbhai aliitazama ndoo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea.

"Manjula. Umeiogesha kazi yangu yote."

"Walikuwa wachafu."

"Walikuwa wagonjwa."

"Na mimi nimewatibu. Wewe hujui hata kusema asante?"

Tulikuwa na akiba kidogo ya vumbi kwenye friza. Tuliipulizia, tukasubiri, haikuamka. Wagonjwa wangu walirudi kuwa wazima, wakachipua majani mapya, wakang'aa. Sijawahi kuona mimea yenye afya inayohuzunisha kiasi kile.

Kwa hiyo tulitoka kwenda kuutafuta ugonjwa mitaani. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na wakati huo kutu ya raigrasi iko London kila mahali ambapo mashine ya kukatia nyasi haijapita karibuni. Manjulaben aling'ang'ania kuja kulipia kosa lake, ingawa neno kosa hakulitamka. Tulianzia kwenye uwanja wa mpira karibu na kwao, watu wazima watatu wameinama kwenye majani, tunayapindua na kuyatazama mgongoni.

Bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama. Alikuwa na huruma. "Mmepoteza kitu?"

"Ugonjwa," Manjulaben alimjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Ulikuwa kwetu, umetoka."

Yule bwana alifupisha kamba ya mbwa wake akavuka upande wa pili.

Tulipata kutu pale uwanjani. Mimi nilipata nyingine nyuma ya maegesho ya magari Ilford, na dada yake Manjulaben akatuletea majani kutoka Tooting ndani ya boksi la vitamu vya Kihindi, limefungwa utepe. Tuliyapeleka yote chumba cha mwisho, nami nikaanza upya kulea.

Kisha tukaipulizia kutu ile ya mitaani kwenye nyasi zetu zilizokwisha kuchaguliwa, zile tulizojivunia, zile zilizokuwa zimebakiza hatua moja kwenda kuwa mbegu. Tulipofunua na kusubiri siku zake, nyingi zilikuwa zimeoza kwa vipele. Meza baada ya meza.

Harshadbhai aligeuza ndoo akaikalia. Ile kutu yetu ya zamani ilikuwa ya ukoo mmoja, imekaa nasi miaka, imetuzoea. Tulikuwa tukichagua nyasi zinazoishinda hiyo peke yake, na kila mwaka tukiamini tumesonga mbele. Nje, mita chache kutoka kwenye vioo, kutu nyingine zilikuwa zikiota zenyewe bila kujua habari zetu.

"Manjula asingeosha," alisema, "tungempelekea yule mzee mbegu hii." Alimaanisha mfugaji wa magharibi. Halafu akainua kichwa. "Lakini usimwambie. Ukimwambia sitakula kwa raha maisha yangu yote."

Nilimwambia Manjulaben jioni hiyohiyo kwa simu. Na kweli, Harshadbhai hakula kwa raha tena.

*

Mjukuu wangu Salma anasoma sayansi. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na mimi nimeacha kugombana naye juu ya hilo. Huniambia kwamba siku hizi wanatoboa tundu dogo kwenye jani la mche mchanga, wanasoma urithi wake kwenye mashine, na wanajua mapema ni mche upi una alama za kinga. "Bibi, kazi yenu ya miaka ingekuwa ya majuma," aliniambia juzi, huku akimenya chungwa.

Simbishii. Ningeipokea mashine hiyo kwa mikono miwili na kuibusu. Nilimwuliza jambo moja tu: mashine inazijua alama za kinga dhidi ya kutu ipi? Akafikiri, akasema, dhidi ya zile walizozijaribu. Nikamwambia, basi mara mojamoja toka nje ukainame uwanjani. Akacheka. Lakini kesho yake alinitumia picha ya jani lenye vipele, amelishika kwa kucha ndefu zenye rangi, nyuma yake kituo cha treni cha Ilford. Hakuandika neno. Ile picha ndiyo iliyonifanya nikae niandike haya.

*

Nyasi chache zilisimama mbele ya kutu ya mitaani. Moja ilikuwa nzuri kupita zote. Majani mapana, machipukizi mengi, kijani kinachokaribia kuwa cheusi. Harshadbhai aliiita Bibi Harusi. Alikigonga chungu chake kwanza kila asubuhi, na mara nyingine nilimsikia akiisemesha Kigujarati.

Wakati wa kupimwa, Bibi Harusi ilikuwa imekaa chini ya dirisha la hewa, upepo ukiikausha. Mimi niliona, naye aliona. Majuma yalipita bila yeyote kati yetu kulitaja dirisha.

Lazima sasa niwaeleze kuhusu maua. Raigrasi haijipi mimba yenyewe. Inakataa chavua yake na kungoja ya jirani, iletwe na upepo. Kwa hiyo unazikusanya nyasi ulizozichagua ndani ya nyumba moja iliyofungwa, tuliyoiita nyumba ya harusi. Masuke yanapofunguka unawasha feni, na chavua inapanda hewani kama moshi wa jiko la kuni. Nje, kila ukingo wa barabara London una raigrasi ya watu wote inayotoa chavua yake. Upepo mmoja ukipenya, nyasi za barabarani zimekuwa baba wa mbegu yako. Ndiyo maana nyumba ya harusi ilikuwa na milango miwili, na kijichumba katikati. Sheria ilikuwa moja: usiguse mlango wa pili kabla hujasikia wa kwanza umejifunga.

Na Harshadbhai alikuwa na pumu. Mtu aliyeyatoa maisha yake kwa nyasi, chavua ya nyasi ndiyo iliyokuwa ikimziba kifua. Alianza kwa kukohoa akicheka. Baadaye akawa anavaa barakoa, na inhela, kile kipulizio cha dawa ya pumu, haikukosekana mfukoni mwa koti. Kila mwaka nilimwomba aniachie harusi, kila mwaka alisema, "Mwaka ujao."

Msimu mmoja kabla ya ninaousimulia, alianguka ndani ya kile kijichumba, baina ya mlango na mlango. Nilimkuta akiwa amekaa sakafuni, midomo imebadilika rangi, mkono wake uko juu ya mlango wa ndani. Pumzi ilikuwa imekatika, na bado alikuwa akihakikisha umefunga kabla ya kuufungua wa nje. Gari la wagonjwa lilimchukua. Daktari akamwambia wazi, mbele ya mkewe, kwamba akikaa ndani ya chavua msimu mwingine huenda asitoke.

Manjulaben alikuja Ilford kuniona. Alikaa jikoni kwangu, chai ikapoa mbele yake.

"Dada Zuhura, sikuombi umfukuze," alisema. "Hafukuziki. Nakuomba uwe tayari kabisa, asipate kitu cha kusingizia abaki."

Nilimwambia niko tayari. Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Na lile jani lake analolipenda?"

Hata yeye alikuwa analijua.

Msimu huo Harshadbhai alitoa ahadi: angekuwa nasi mpaka suke la kwanza lifunguke, kisha angetoka. Nyasi zilizochaguliwa ziliingizwa nyumba ya harusi, na Bibi Harusi ikawa katikati yao. Nilijua kwamba kama swali la ile nyasi halijajibiwa siku ya maua, angebaki kulijibu. Na angekufa mle ndani, akiitazama.

Nilimfuata akiwa anaosha brashi.

"Bhai, tuipime tena."

Hakuuliza ipi. "Tumechelewa. Masuke yanatoka."

"Tuigawe. Shina mama libaki pale lilipo, mimi nichukue machipukizi machache nikayapime."

Aliikung'uta brashi mpaka ikakauka. "Fanya wewe. Mimi naitaka mno. Macho yangu yataiona safi hata ikiwa nyekundu."

Niliyachomoa machipukizi kutoka shinani, nikayapanda, nikayapulizia kutu ya mitaani, nikayalowesha, nikayafunika katikati ya meza, mbali na kila dirisha. Pembeni yake niliweka nyasi dhaifu, ili nijue kama kutu yenyewe ilikuwa hai. Kesho yake nikafunua, nikangoja. Kila nilipotoka chumba kile nilibadilisha koti na kunawa mpaka viwiko. Siku zile Harshadbhai alipita akigonga vyungu kuanzia mwanzo wa nyumba hadi mwisho, na nilisikia kuwa anagonga polepole zaidi.

Harusi ile ilifanyika, na kwa sababu hamtaki kubahatisha niwaambie kabisa yaliyofuata. Mbegu ilipatikana. Baada ya majaribio ilifika kwa yule mzee wa magharibi, nami nikaenda kusimama langoni kwake mara ya pili. Ng'ombe walikuwa ndani ya majani, vichwa chini. Siwezi kuwaambia kwamba itakuwa hivyo daima, kwa kuwa kutu nayo haikai ilivyo. Ndiyo maana bado mnahitajika. Harshadbhai aliishi miaka mingine Rayners Lane, akifokewa na mkewe, akivuta pumzi zake zote. Hakuingia tena nyumba ya harusi. Leo hayupo.

Lakini mimi nikifumba macho, ninachokiona ni asubuhi moja tu.

Nilipindua jani la chipukizi la kwanza, likawa na vipele. Nikapindua la pili. Yote yalikuwa navyo, vimejipanga kwenye mishipa, vimekwisha kupasuka. Nilibadilisha koti, nikanawa, nikapita milango miwili kwenda nyumba ya harusi.

Alikuwa amesimama mbele ya nyasi iliyokuwa jirani na Bibi Harusi, barakoa usoni. Alinionyesha kwa kidole. Kwenye suke moja vilikuwa vimetoka vifuko vidogo vya njano, vinaning'inia kwenye nyuzi zake, vinatetemeka.

"Imeanza," alisema. "Nimeahidi, nitatoka. Ila nawe una neno."

"Ninalo, bhai."

"Sema."

"Ni mkwepaji."

Hakunitazama. Alikuwa akiitazama Bibi Harusi. "Majani yote?"

"Yote."

"Dirisha," alisema.

"Dirisha."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza maelezo marefu. "Basi itoe haraka. Haijafungua bado."

Nilileta mkasi na mfuko wa plastiki. Nilikata suke moja baada ya jingine, nikiyashika kwa chini ili yasitikisike, nikayafunga yote mfukoni. Yalikuwa mengi, yamejaa, mazuri. Alisimama mpaka la mwisho. Ilibaki majani matupu, kama kichwa cha mtoto kilichotoka kunyolewa vibaya. Nikakibeba chungu kwenda kwenye pipa.

"Nipe," alisema, mikono mbele.

"Bhai, haina kinga."

"Hata mimi sina. Tutakaa wote nje."

Nilimpa. Alikikumbatia kile chungu kifuani, kikohozi kikaanza, akakingoja kipite. Kilipita kwa shida.

"Feni usiwashe mpaka jua lipande na majani yakauke," alisema.

"Najua."

"Na gonga vyungu. Nyasi yenye kiu haitoi chavua ya maana."

"Najua, bhai."

"Najua unajua. Sitaki tu kuondoka kama bubu."

Alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole. Kilitoa ile sauti nzito, fupi. "Ana maji," alisema. "Yatamfikisha Rayners Lane."

Alitembea hadi mlango wa ndani, akaufungua kwa bega, akaingia kijichumbani. Mlango ukajifunga. Kwenye kijioo chake kidogo nilimwona amesimama, chungu mkononi, kifua kinapanda na kushuka, na nikataka kupiga kelele kwamba atoke, atoke tu. Aliweka kiganja juu ya mlango ule na kuusukuma kidogo kuhakikisha. Kisha akageuka. Mwanga wa nje ukaingia, nikaona mgongo wake na majani juu ya bega, halafu nikasikia mlango wa pili ukijifunga nyuma yake.